Wayahudi wa Mbale na shule yao: jamii ndogo iliyobeba juma lake la masomo

Himbi, Goma. Hapa kwetu, mtoto akiulizwa anasoma wapi, mara nyingi jibu linataja kanisa kabla ya kutaja avenyu. Kuna shule za Wakatoliki, kuna za 3e CBCA na za 8e CEPAC upande wa Waprotestanti, kuna za Wakimbangu, za Waislamu na za Waadventista. Mpango huo una umri. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilitwaa shule za makanisa, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba wa kuwarudishia uendeshaji. Tangu wakati huo mzazi wa Goma anajua kwamba nyuma ya direkta wa shule kuna serikali, na nyuma ya serikali kuna kanisa.

Lakini mtoto ambaye dini ya wazazi wake haina shule anasoma wapi? Na analipa nini, mbali na minervali, ili apokelewe?

Swali hilo lina historia yake karibu nasi, ng'ambo ya Bunagana. Wengi wetu tuna ndugu Uganda, huko Nakivale, Rwamwanja au Kyaka II, na wengine wamefika hadi Kampala kutafuta kazi. Ukitoka Kampala kuelekea mashariki, ukapita Jinja na kuendelea, baada ya zaidi ya kilomita 200 unafika mji wa Mbale, chini ya mlima Elgon, karibu na mpaka wa Kenya. Pembeni mwa mji huo, kwenye kilima cha Nabugoye na katika vijiji vya jirani, wanaishi Waafrika ambao ni Wayahudi. Wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Leo wanakadiriwa kuwa kati ya watu 2,000 na 3,000. Wana shule ya msingi inayoitwa Hadassah na shule ya sekondari yenye jina la mwanzilishi wao, Semei Kakungulu.

Makala hii inaeleza jinsi shule hizo zilivyopatikana, na jinsi watu hao walivyoendelea kujifunza katika miaka ambayo hawakuwa na shule yoyote. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Goma.

Mkuu wa vita aliyesoma Biblia peke yake

Semei Kakungulu alikuwa Muganda, aliyezaliwa karibu mwaka 1869. Alikuwa mpiganaji hodari na Mkristo wa Kiprotestanti. Waingereza walipotaka kupanua utawala wao mashariki mwa Uganda, yeye na askari wake ndio waliowafungulia njia hadi Bukedi. Mji wa Mbale wenyewe ulianza kwake, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Alitegemea kwamba baada ya kazi hiyo atatambuliwa kama mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza hawakukubali. Walimfanya chifu wa kulipwa mshahara, kisha wakaendelea kumpunguzia madaraka.

Akajitenga nao polepole. Kwanza aliingia katika dini ya Malaki Musajjakawa, ambayo ilikataa dawa za Wazungu na kuheshimu Sabato. Kisha akakaa kwake Gangama, chini ya mlima, akisoma Biblia kwa Kiganda. Kadiri alivyosoma Agano la Kale, ndivyo alivyoona kwamba amri zake zinapaswa kufuatwa kama zilivyoandikwa. Mojawapo ni tohara. Wafuasi wa Malaki wakamwambia kwamba huo ni mwenendo wa Wayahudi. Wanavyosimulia wazee wa Mbale, alijibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe, na watu wake wakamfuata.

Hapo msomaji aelewe jambo moja. Waganda kwa desturi hawatahiri, na Wagisu wa Mbale wanatahiri vijana wakubwa katika sherehe yao ya imbalu. Kutahiri mtoto mchanga siku ya nane ilikuwa desturi mpya kabisa mahali pale. Hakuna Mzungu aliyemfundisha wala mmisioni aliyempa zawadi. Ni mtu na kitabu tu.

Mgeni aliyeacha shule

Mtu akisoma peke yake anaweza kwenda mbali, lakini kuna mambo ambayo kitabu hakimwonyeshi. Kakungulu hakujua kalenda ya Kiyahudi inavyohesabiwa, wala sikukuu zinavyofanywa, wala nyama inavyochinjwa. Mwaka 1920 akafika kwake Myahudi mgeni, ambaye jamii inamkumbuka kwa jina la Yosefu tu. Alikaa nao miezi michache. Aliwafundisha kalenda, sikukuu, na sheria za chakula.

Kabla ya kuondoka alitoa ushauri mmoja: wafungue shule. Kakungulu akafanya hivyo. Ilikuwa shule ya dini, ya kuwafundisha watoto na vijana yale ambayo Yosefu alikuwa ameyaleta, ili yasipotee pamoja na wale wachache waliomsikia. Mwaka 1922 akaongeza kitabu cha sheria na sala kwa Kiganda, chenye kurasa kama 90. Kitabu hicho kikawa mwalimu mahali ambapo mwalimu hakuwepo.

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Baada yake uongozi ulishikwa na Samson Mugombe, na jamii ikabaki peke yake kwa muda mrefu, bila ushirikiano wa kudumu na Wayahudi wa nje. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, Arye Oded, aliwatembelea na kuandika habari zao. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuishi zaidi ya miaka 40 kwa elimu ya miezi michache na kitabu kimoja.

Daftari kwa bei ya jina

Katika miaka hiyo yote, shule za kisasa Uganda zilikuwa za wamisioni, Wakatoliki na Waanglikana, kama ilivyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Mtoto aliyetaka kusoma hesabu na Kiingereza alipitia mlango wao. Na mlangoni pale mara nyingi aliombwa ubatizo. Mzazi Myahudi wa Mbale alikuwa na njia mbili. Amwache mtoto nyumbani, ashike imani yake na abaki bila karatasi. Au ampeleke, apate karatasi, na arudi jioni akiwa na jina jingine.

Wengine walichagua njia ya kwanza, wengine ya pili. Waliochagua ya kwanza walibaki wakulima, na kwa muda mrefu jamii ilikosa watu wa kuwasemea ofisini. Wengi waliochagua ya pili hawakurudi kwenye sinagogi. Kwa hiyo jamii ilipungua kutoka pande zote mbili, bila mtu kushika silaha.

Wazee wetu hapa Kivu wanaelewa hadithi hiyo. Wakati wa Wabelgiji, shule ya serikali isiyo ya kanisa kwa Waafrika ilikuja mwishoni kabisa, baada ya waziri Auguste Buisseret kuanza kuifungua miaka ya 1954 na kuendelea. Kabla ya hapo, kusoma na kubatizwa vilienda pamoja. Hata Waislamu wa Kasongo na Maniema wanaweza kusimulia watoto wao walivyokosa darasa.

Kongo yenyewe ilikuwa na Wayahudi, lakini hali yao ilikuwa tofauti. Walikuwa hasa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wengi wao wakiwa wafanyabiashara waliotoka kisiwa cha Rhodes. Sinagogi yao imesimama tangu mwaka 1930 hivi, na Rabi Moïse Levy alifika mwaka 1937. Watoto wao walisoma katika shule za Wazungu za mji, na dini na Kiebrania walifundishwa na rabi. Kwa kuwa walihesabiwa upande wa Wazungu, mlango wa shule haukuwa mzito kwao. Lakini nao walibeba msiba: Julai 1944 Wajerumani waliwachukua zaidi ya Wayahudi 1,600 wa Rhodes hadi Auschwitz, na wachache sana walirudi. Mtoto wa Elisabethville aliyekuwa akijifunza nyimbo za babu yake alikuwa akijifunza kitu ambacho kisiwani hakikuwa tena na mwimbaji. Wengi wa familia hizo waliondoka Kongo baada ya uhuru, na wengine baada ya Mobutu kutwaa biashara za wageni mwaka 1973.

Miaka minane ya kunyamaza

Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka 1972 alivunja urafiki na Israeli, na dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku nchini. Masinagogi yalifungwa. Waliotaka usalama waliingia Ukristo au Uislamu, angalau kwa jina. Jamii iliyokuwa na watu kama 3,000 ilibaki na karibu 300.

Hao 300 hawakuwa na shule wala nyumba ya ibada. Walichokuwa nacho ni juma. Kila Ijumaa jua likizama Sabato iliingia, na kila Jumamosi nyota zikionekana ilitoka. Hakuna askari anayeweza kuzuia jua lisizame. Waliosali walisali kwa siri, ndani ya nyumba au mbali na njia, na wazazi walifundisha watoto kwa sauti ya chini. Nyimbo walizokuwa wameziweka kwa Kiganda zilisaidia, kwa sababu mtu anaweza kuwa na wimbo kichwani hata kama hana karatasi mkononi.

Amin aliondolewa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajasahau jambo hilo, na haishangazi.

Kutoka mti hadi darasa

Miaka ya 1980 ilikuwa ya vijana. Wengi wa wazee walikuwa wamechoka au wamehama dini. Kundi la vijana, ambamo walikuwamo Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki, lilikusanyika tena Nabugoye, likatengeneza ardhi ya jamii, likaanza kuimba na kufundishana Kiebrania kwa vitabu vichache walivyopata. Mwaka 1995 ujumbe wa Wayahudi kutoka Marekani, wa shirika la Kulanu, uliwatembelea. Jina hilo kwa Kiebrania maana yake ni "sisi sote". Februari 2002 marabi walifika na kuwapokea rasmi watu kama 400 katika dini, ili mtu asiulize tena kama kweli ni Wayahudi. Sizomu alikwenda kusoma Los Angeles, akawa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini.

Katikati ya mambo hayo ndipo shule zilipoanza, kuelekea mwaka 2000 na miaka iliyofuata. Sababu ilikuwa ileile ya tangu Kakungulu: mtoto asome hesabu bila kuuza jina lake. Fedha za madarasa, mishahara na chakula cha mchana zilitoka kwa sehemu kubwa kwa marafiki wa nje, Kulanu wakiwemo. Ni vizuri kulisema hilo wazi, maana shule inayotegemea mkono wa mbali huwa na wasiwasi kila mwaka, na sisi tulioishi na misaada tunaujua wasiwasi huo.

Cha kuangalia zaidi ni nani anayekaa kwenye madawati. Hadassah na sekondari ya Kakungulu zinapokea watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu. Watu ambao babu zao waliombwa ubatizo mlangoni wamefungua mlango wao bila kumwomba mtoto wa jirani abadilishe chochote. Ushirikiano huo umefika hata shambani: mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu walianzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Juma la shule linavyokwenda

Sasa tuangalie darasa lenyewe. Shule ya siku ya Kiyahudi, iwe Mbale au iwe King David ya Johannesburg iliyofunguliwa mwaka 1948, ina programu mbili ndani ya juma moja. Ya kwanza ni ya serikali. Mtoto wa Hadassah anasoma hesabu, Kiingereza, sayansi na masomo ya jamii kama mtoto yeyote wa Uganda, na darasa la saba anafanya mtihani wa taifa. Ya pili ni Kiebrania na Torati.

Kiebrania kina herufi 22 na kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu. Mtoto wa Kiislamu aliyepita chuoni hapati shida sana na upande wa kuanzia. Ulaya ya zamani kulikuwa na desturi ya kupaka asali juu ya herufi za ubao, mtoto mdogo alambe siku yake ya kwanza, ajue kwamba kusoma ni kutamu.

Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, imegawanywa katika sehemu 54 za kusomwa juma kwa juma, mpaka mwaka uishe na kuanza tena Mwanzo. Kwa kawaida Wayahudi wote duniani wanasoma sehemu ileile juma lilelile. Kwa hiyo mwanzoni mwa juma mwalimu anaitambulisha sehemu, katikati watoto wanaisimulia na kuichora, na kuelekea mwisho wanaulizana maswali. Juma la Nuhu watahesabu wanyama, juma la Ibrahimu watazungumza juu ya kupokea wageni. Mtoto akihama kutoka Mbale kwenda Nairobi au mbali zaidi, akaingia katika nyumba ya ibada asiyoijua, atakuta wapo ukurasa aliouacha.

Ijumaa ni siku ya maandalizi. Katika shule nyingi za namna hiyo watoto wanaimba pamoja, wanajifunza baraka ya mishumaa, ya mkate na ya divai, na kila mmoja anatia kitu kidogo katika kisanduku cha maskini. Mchana wanatawanyika mapema ili wafike nyumbani kabla ya jua kuzama. Jumamosi hakuna shule.

Hapo juma linakuwa jambo zito. Uganda kama Kongo ina shule na vyuo vinavyofundisha au kutoa mitihani Jumamosi. Wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walilipeleka jambo hilo mahakamani. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba iliwakatalia, na walipokata rufaa wakakataliwa tena. Waadventista wa Goma, ambao ni wengi, hawahitaji kuelezwa maana yake. Kuwa na shule yako ni pia kuwa na ruhusa ya kupanga juma lako.

Lugha yetu yenyewe inaonyesha kwamba juma lina mwenyewe. Kiswahili cha pwani kinahesabu kuanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa ya Waislamu. Kiebrania kinahesabu kuanzia Jumapili, nayo inaitwa siku ya kwanza. Sisi hapa Goma tunaita Jumatatu siku ya kwanza, siku ya kurudi kazini. Na Jumamosi tunaiita siku ya posho, kwa sababu wakati wa Wabelgiji mfanyakazi alipewa posho yake ya juma siku hiyo. Uganda posho ndiyo bugali yenyewe, ile ambayo watoto wa shule nyingi wanakula na maharage saa sita. Neno moja, kwetu ni siku, kwao ni sahani. Kwa Myahudi siku hiyo haina posho wala kazi, ni ya kupumzika na kusoma.

Walimu, idadi, na siku za soko

Desturi hiyo ya kushika shule haikuanzia Mbale. Mapokeo ya Kiyahudi yanasema kwamba katika karne ya kwanza kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla aliagiza kila mji uwe na walimu, na watoto waingie wakiwa na umri wa miaka sita au saba. Kabla yake mtoto alifundishwa na baba yake, na asiye na baba hakujifunza. Agizo hilo lilikuwa hasa kwa ajili ya yatima.

Mapokeo hayohayo yanataja idadi: watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wakifika 40, apewe msaidizi. Wakifika 50, wawekwe walimu wawili. Mwalimu wa Goma aliyesimama mbele ya watoto 80 tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019 atasoma mstari huu mara mbili.

Kuna jambo jingine la zamani ambalo linafaa mazingira yetu. Torati husomwa Jumamosi, na pia kifupi siku ya Jumatatu na ya Alhamisi. Sababu inayotolewa ni kwamba hizo zilikuwa siku za soko, wakati watu wa mashamba walikuja mjini. Hawakuwangojea watu waje shuleni. Walipeleka somo mahali ambapo watu wako tayari wamekusanyika.

Na mwaka 70, Warumi walipozingira Yerusalemu na mji ukikaribia kuchomwa, inasimuliwa kwamba mwalimu Yohanan ben Zakkai alitoka na kwenda kwa jemadari. Aliporuhusiwa kuomba, aliomba Yavne, mji mdogo wenye walimu. Hekalu liliteketea. Yavne ilibaki, na kutoka huko watu waliotawanyika waliendelea kuwa na kalenda moja, sala moja na somo moja.

Kwa familia zilizo hapa

Tunaandika haya tukijua ni nani anayesoma. Familia nyingi zilizofika Goma kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zimehama zaidi ya mara moja. Mapema 2025 makambi yaliyozunguka mji yalivunjwa. Wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa ndugu, wanne au watano kwa chumba, hapa Himbi, Keshero, Ndosho na kwingine. Watoto wamepoteza miezi, na wengi wamepoteza buletini. Mtoto wa darasa la tano asiye na buletini anaambiwa arudie la tatu, au angoje. Akingoja sana anaacha.

Historia ya Mbale haituambii kwamba imani peke yake inatosha. Jamii ile ilipoteza watu tisa kati ya kumi, na ilipata madarasa baada tu ya kupata amani na marafiki. Hakuna anayepaswa kumwambia mama aliyelala sakafuni kwamba mtoto wake hahitaji shule. Anaihitaji, na ni haki yake.

Lakini kati ya shule iliyofungwa na shule iliyofunguliwa tena, Abayudaya walishika mambo matatu ambayo hayana minervali. Walikuwa na siku maalumu, ileile kila juma, iliyojulikana na mtoto kabla haijafika. Walikuwa na somo lenye mpangilio, la juma hili likifuata la juma lililopita. Na walikuwa na mtu mzima mmoja katika kila nyumba aliyekubali kuwa mwalimu, hata kama alijua kidogo kuliko alivyotaka.

Hayo yanawezekana katika avenyu zetu. Vijana waliomaliza sekondari na hawana kazi ni wengi. Ukumbi wa kanisa au wa msikiti mara nyingi uko wazi siku kadhaa za juma. Programu ya taifa ni moja kutoka Walikale hadi Beni, na mtoto aliyeacha hesabu za kugawanya Kitshanga anaweza kuendelea na kugawanya Himbi, kama kuna mtu wa kumuuliza alifika wapi. Mzazi anaweza kuandika katika daftari tarehe, somo na jina la aliyefundisha. Daftari hilo si buletini, lakini direkta mwenye moyo akiliona atajua pa kumpimia mtoto badala ya kumrudisha nyuma kwa kukisia.

Na kwa sisi wenyeji, kuna swali la mlango. Shule zetu nyingi zina jina la kanisa juu ya lango, na hakuna ubaya. Mtoto wa dini nyingine au wa kabila jingine, aliyekuja na kandambili na bila karatasi, anapofika kwenye lango hilo, anaulizwa nini kwanza? Kwenye kilima cha Nabugoye, watoto wa dini tatu wanaingia darasa moja asubuhi, na kila mmoja anarudi nyumbani na jina alilokuja nalo.